Kura ya Mwinjilisti

Mtu wa kwanza kunisahihisha mahubiri nilipohamishiwa mtaa wa Kikuyu, Dodoma, alikuwa Mwinjilisti. Nilikuwa nimetoka chuo cha theolojia si siku nyingi, nimejaa Kigiriki kama mtungi uliojazwa kisimani, na Jumapili ile nilimwaga chote. Baada ya ibada alinisubiri mlangoni, akanipa mkono, kisha akaushikilia wangu huku akitazama mbele kana kwamba anazungumza na geti. Alisema mahubiri yalikuwa mazuri. "Ila uliyamaliza mara nne, Baba. Mara ya kwanza watu walibarikiwa."

Kwa cheo nilikuwa mkubwa wake, kwa umri alikuwa kaka yangu kwa mbali. Aliniita Baba siku zote, hata siku alizokuwa akinigombeza, na alinigombeza vizuri. Jina alikuwa nalo, lakini mtaani hata mkewe alimwita Mwinjilisti, na sioni sababu ya mimi kumwita vingine leo.

Alikuwa na baiskeli aliyokuwa akiisukuma. Sikumwona hata mara moja ameipanda. Alisema baiskeli ni ya mzigo, mtu ana miguu. Na mzigo wenyewe mara nyingi ulikuwa Biblia moja, imefungwa nyuma kwa mpira kama gunia la mkaa. Ukimwamkia shikamoo alijibu, "Marahaba, umesali?" pasipo kuvuta pumzi katikati, na kwa sababu hiyo watu wazima wenye heshima zao walijifunza kuvuka barabara walipoiona ile baiskeli inakuja.

Mambo asiyoyapenda yalikuwa mengi, na aliyataja kwa mpangilio uleule kila mwaka wakati wa Kwaresima: nguo za kubana, harusi zinazochelewa, michezo ya kubahatisha, kwaya zinazocheza badala ya kuimba, na pombe. Pombe aliiweka mwisho kwa sababu ndiyo aliyoikemea kwa muda mrefu zaidi. Kuhusu kucheza, hata hivyo, alikuwa na msaliti wake mwenyewe. Siku akina mama wa Kigogo walipopiga ngoma zao za muheme kwenye sherehe yoyote, yeye alisimama kukemea, na mguu wake wa kulia ukaanza bila kumsubiri. Alikuwa akikemea kuanzia kiunoni kwenda juu.

Na alikuwa na shamba la zabibu nje ya mji, upande wa Hombolo, zabibu nzuri, ambazo kila msimu aliwauzia watu wa kukamua mvinyo. Nilimuuliza mara moja inakuwaje. Akasema, "Mimi naishia kwenye tunda, Baba. Yanayotokea baadaye ni kati ya mnunuzi na Mungu wake." Nikamwambia basi mwenye kilabu naye anaweza kusema anaishia kwenye mtama. Jumapili iliyofuata alinikuta navaa kanzu, akasema mtama ukishaingia kwenye pipa si mtama tena, na akaondoka ameridhika.

Kilabu chenyewe lazima nikieleze, maana bila hicho hakuna kisa. Kilikuwa cha pombe za kienyeji, jirani kabisa na kanisa, ukuta ukiwa mmoja. Mwenye nacho alikuwa mama mmoja mjane, mpole, mwenye sauti ya chini na mikono mipana, ambaye tulimwita Mama Kilabu. Miaka mingi kabla, Mwinjilisti alisimama kwenye mkutano wa mtaa na kuomba kwamba siku ya Jumapili kilabu kisifunguliwe hadi saa saba mchana, ibada ikishakwisha. Mtaa ulikubali. Mgambo akapewa kazi ya kupita. Mwinjilisti alihesabu siku ile kuwa ushindi mkubwa wa maisha yake, na kwa kweli tangu hapo upande wa wanaume kanisani ulijaa. Kwetu wanaume na wanawake bado hukaa pande mbili kama walivyofanya wazee wetu, na mabenchi sita ya wanaume yalikuwa hayana nafasi.

Alichokuwa haoni Mwinjilisti, kwa kuwa wakati wa baraka alifumba macho kwa dhati, ni kwamba "Amina" ikitamkwa tu upande ule ulitoka kwa mlango wa ubavuni, haraka, kwaya ikiwa bado kwenye ubeti wa pili. Aliniambia wanaume wetu wanapenda kula na familia zao. Mimi niliona wanakoelekea. Mungu anisamehe, nilinyamaza. Mabenchi yaliyojaa humpendeza askofu.

Hivyo ndivyo tulivyoishi hadi serikali ilipohamia Dodoma na mtaa wetu ukapata watu wa ofisini, watu wanaopenda usingizi wa asubuhi. Mkutano wa mtaa uleule ukapitisha taratibu nyingine: kipaza sauti kisisikike kabla ya saa moja asubuhi. Mwinjilisti alikuwa na pembe la bati juu ya paa, na sala yake ya saa kumi na moja alfajiri ilisikika hadi kituo cha mabasi. Alipoendelea nayo, alikuja mgambo kuliteremsha pembe. Kilichomuuma si pembe. "Ni mgambo yuleyule, Baba," aliniambia, akiwa ameduwaa kama mtu aliyeumwa na mbwa wake. "Yule wa kilabu."

Ndipo ukafika uchaguzi wa mwenyekiti wa mtaa.

Wagombea walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa wetu, mwimba besi wa kwaya, mtu wa sala na suti. Aliahidi kukifunga kilabu moja kwa moja, na baada ya hapo kufunga na mengine. Mikutano yake ilikuwa orodha ya kufunga. Wa pili alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, wa chama kidogo chenye bendera nyingi kuliko wanachama. Hakuwa mtu wa kanisa wala wa msikiti. Mgambo walikuwa wamemsumbua miaka mingi kwa kuweka mageti yake nje ya karakana, na kutokana na hasira hiyo alikuwa amejisomea vitabu hadi akatoka na itikadi nzima. Alisema serikali ni mgeni, ukimzoesha atakuuliza umetoka wapi usiku. Alisema akipata kiti ataipunguza ofisi ya mtaa mpaka ienee mfukoni: muhuri, na yeye. Kaulimbiu yake ya kampeni ilikuwa maneno mawili, "Niache, nikuache," na watu wakamwita Bwana Niache.

Waumini wote walijua ni yupi wa kuchagua, na wangemchagua bila hata kujadili kama si mnada.

Katika kanisa letu, asiye na fedha huleta alichonacho: mayai, mkungu, kuku. Baada ya ibada vitu hivyo hunadiwa nje, na adabu yake kila mtu anaijua. Mtu mkubwa akinunua kuku hamchukui. Humrudisha mezani, au humpa mzee fulani ambaye naye humrudisha mezani. Kuku mmoja mwenye bahati huuzwa mara tano na kulala kwao. Jumapili ile mgombea wetu alinunua tetea mweusi, akamwinua juu, akapigwa picha, akamkabidhi Mwinjilisti kwa magoti. Mwinjilisti akamrudisha mezani. Mara Bwana Niache, aliyekuwa amesimama pembeni kwa sababu meneja wake wa kampeni alimlazimisha kuja, akataja bei. Akalipa. Akamkwapua yule tetea kwapani, akashukuru, akaenda zake.

Tulisubiri. Mtu mmoja alisema labda kaenda kutafuta boksi. Tulimwona anakata kona.

"Amekwenda kumla," Mwinjilisti alisema.

Akina mama walikasirika wiki nzima. Mtunza hazina wetu, mzee mkali aliyestaafu benki, alisema huo ndio uhuru wenyewe, mtu anaondoka na kuku wa kanisa. Mwinjilisti peke yake hakukasirika. Alikuja nyumbani kwangu akisukuma baiskeli, akakataa kuketi. Alisema ameona wagombea wengi wakinunua kuku, na huyu ni wa kwanza aliyemtaka kuku.

Siku ya pili yake alikwenda karakana kumhoji. Alinisimulia mahojiano yote, na kwa kuwa hakujua kusema uongo hata pale ungemfaa, namwamini. Alimkuta fundi amevaa miwani myeusi, cheche zinaruka. Alimuuliza akipata kiti atafanya nini. Fundi akasema atapunguza. Akamuuliza kuhusu kipaza sauti. Fundi akasema kipaza sauti ni chake, apige, na jirani akimchukia hilo ni baina yake na jirani. Mwinjilisti akafurahi. Akamuuliza kuhusu kilabu. Fundi akasema mwenye kilabu atafungua saa anayotaka.

"Hata Jumapili asubuhi?"

"Hata Jumapili asubuhi, mzee wangu."

"Na watu wakilewa wakati wa ibada?"

Fundi akainua miwani. Akamtazama kwa heshima, Mwinjilisti alisisitiza, kwa heshima kabisa. "Mzee, umewahubiria miaka yote hiyo. Bado unahitaji mgambo?"

Mwinjilisti alikuja kwangu moja kwa moja kutoka huko, na safari hii aliketi. "Baba," alisema, "mtu asiyesali ameniuliza swali la kanisa."

Nilikuwa na majibu mawili, yote ya chuoni. La kwanza lilisema sheria ni boma. Wanyonge hawalindwi kwa mahubiri tu, na mke wa mlevi hana muda wa kungoja mumewe aongoke. La pili lilisema imani inayosukumwa na mgambo ni ya mgambo. Nilimpa yote mawili. Aliyasikiliza, akasema anaona nimeyamaliza mara mbili.

Ndani ya baraza la wazee mjadala ulikuwa wa moto kuliko nilivyowahi kuusikia juu ya jambo lolote la mbinguni. Mtunza hazina alisema Mkristo hawezi kumpa kura mtu anayefungua mlango wa dhambi kisha anajiita muungwana kwa sababu hakumsukuma mtu ndani. Mwinjilisti alisema leo mtaa unafunga kilabu kwa ajili yetu, jana ulifunga sala yetu kwa ajili ya wenye usingizi, na mkono ni mmoja. Akasema baba wa mwana mpotevu hakutuma mgambo.

"Baba yule alikuwa na mwana mpotevu mmoja," mtunza hazina alisema. "Sisi tuna mabenchi sita."

Watu wakacheka, lakini niliona Mwinjilisti hakucheka. Tulipotoka alitembea nami hadi nyumbani, baiskeli katikati yetu, na hapo ndipo nilipojua kwamba alikuwa ameshauona ule mlango wa ubavuni. Sijui tangu lini. Alisema kilabu kikifunguliwa asubuhi, atajua ni wangapi waliokuwa wakija kumsikiliza na ni wangapi waliokuwa wakisubiri saa saba. Alikuwa amewahubiria miaka ishirini na zaidi. "Nikimpa kura yule bwana, nitaujua ukweli wa mabenchi yale. Na sina hakika kama nataka kuujua nikiwa bado hai."

Nilimwambia anaweza kunyamaza tu. Kura ni siri. Akasema watu wamemuuliza, na mwinjilisti akiulizwa hanyamazi.

Basi nilimkumbusha kwamba kampeni ndani ya kanisa ni marufuku. Alikubali kwa unyenyekevu ulionitia wasiwasi. Jumapili, wakati wa matangazo, alitutoa nje sote, kwaya, wazee, wagonjwa na viti vyao, mpaka ng'ambo ya lango. Akahakikisha hata mguu mmoja haujabaki ndani. Kisha akasema hawaambii wampigie nani, bali atawaambia yeye atampigia nani, nao wamwombee kwa sababu anaogopa. Akamtaja fundi. Akasema amechoka kuwa mchungaji wa watu waliofungiwa nje ya mahali pengine. Halafu akaturudisha ndani kwa ajili ya baraka, na mwimba besi wetu hakuimba.

Fundi alishinda kwa kura chache. Wengine walisema zilikuwa kura za kilabu, wengine walisema za kanisa. Ukweli, walikuwa watu walewale.

Jumapili ya kwanza baada ya fundi kuapishwa, pembe lilirudi juu ya paa na Mwinjilisti akasali saa kumi na moja hadi watu wa ofisini wakalia. Saa mbili Mama Kilabu akafungua. Saa nne tukaanza ibada. Upande wa wanaume ulijaa benchi moja na nusu, na hiyo nusu ilikuwa mimi, mtunza hazina, na mzee mmoja asiyesikia. Kupitia ukutani tulisikia vicheko tulivyovifahamu, kila kimoja na jina lake. Mwinjilisti ndiye aliyekuwa na zamu ya kuhubiri. Alihubiri akitazama mabenchi matupu kwa upole, kama mtu anayesoma barua ambayo tayari anayajua yaliyomo. Alimaliza mara moja tu. Mtunza hazina alimsubiri mlangoni akamuuliza huo uhuru unakaa benchi ngapi. Mwinjilisti akasema bado anahesabu.

Wiki iliyofuata hakuonekana kanisani kabla ya ibada. Nilimkuta, baada ya kutafuta sana, amekaa kilabuni. Alikuwa kwenye benchi la nje, koti la Jumapili, Biblia imefungwa magotini, hanywi, hahubiri, hamwangalii mtu. Amekaa tu. Watu waliomzunguka walikuwa wameshika makopo yao kama watoto waliofumaniwa wakiiba sukari. Saa nne kasoro dakika tano aliinuka, akawaaga mmoja mmoja, akaja kanisani. Hakuna aliyemfuata. Wiki iliyofuata akakaa tena.

Baada ya mwezi Mama Kilabu alikwenda kumshtaki kwa mwenyekiti, nami niliitwa kama mlezi wa mshtakiwa. Ofisi ilikuwa imehamia karakana, muhuri umewekwa juu ya chuma cha geti.

"Ananifukuzia wateja," Mama Kilabu alisema.

"Anawaambia nini?" fundi akauliza.

"Hasemi kitu. Ndiyo shida yenyewe. Mtu atakunywaje mbele ya aliyembatiza?"

Fundi alikuna kichwa. Ilionekana wazi kwamba angependa sana kumsaidia, na wazi vilevile kwamba alikuwa amebomoa nyenzo zote za kumsaidia. Alimgeukia Mwinjilisti akamsihi, kama mtu na mtu, apumzike hata Jumapili moja. Mwinjilisti akamjibu kwa sauti ndogo, "Mwanangu. Niache, nikuache."

Fundi akavaa miwani yake myeusi akarudi kwenye geti. Mama Kilabu alicheka hadi akalazimika kushika ukuta, na tangu siku hiyo alianza kumwekea Mwinjilisti bakuli la uji wa ulezi, ili, kama alivyosema, awe mteja kama wengine na asimpe mkosi.

Ningependa kuandika kwamba mabenchi yalijaa tena. Hayakujaa. Walirudi wawili, kisha mmoja akapotea. Lakini pale kilabuni, juu ya uji wake, alianza kuulizwa mambo: mtoto aliyekataa shule, mpaka wa shamba kule Kibakwe, mke aliyerudi kwao. Alijibu alichoulizwa tu, jambo ambalo kanisani halikuwahi kumtokea. Mke wa mnywaji mmoja alinijia akilia kwamba mumewe sasa anamaliza fedha Jumapili asubuhi badala ya jioni, akaniuliza Mwinjilisti anaionaje kura yake. Nilimpelekea Mwinjilisti maneno hayo kama yalivyo. Alikwenda kwa yule mama akaketi kwenye kigoda, akamwambia, "Umesema kweli," na hakuongeza neno la kujitetea. Mtunza hazina hakuacha kusema kwamba tuliuza boma kwa pembe la bati. Na mimi, nikiulizwa hadi leo, husema kwamba wote wawili walikuwa watu wa Mungu, na kwamba namshukuru Mungu hakutaka mimi ndiye niamue.

Nilipostaafu nilisikia kwamba miguu ya Mwinjilisti imemkataa na binti yake amemchukua kwake, mtaa wa Area D. Nilikwenda kumwona Jumapili moja asubuhi kwa bajaji, nikikusudia kumsomea zaburi kabla binti hajaenda ibadani. Nilimkuta kitandani sebuleni, amekonda, macho yamefumbwa. Kwenye kochi, wamebanana, wamevaa mashati yaliyopigwa pasi, walikuwa wanaume watatu wa benchi la nje. Waliinuka wote pamoja wakaniamkia. Mmoja alikuwa na kitabu cha nyimbo amekishika kichwa chini miguu juu. Binti alisema huja kila wiki, kwa miguu, tangu Kikuyu.

Nilidhani amelala. Lakini aliponisikia nimeketi aliutafuta mkono wangu, na hakufumbua macho.

"Baba," alisema, "niulizie hawa. Mimi naona haya. Kilabu kimefungwa?"

Nikawauliza.

Walitazamana. Yule wa kitabu ndiye aliyejibu, taratibu, kwa kuwa hakuelewa kwa nini tunamuuliza.

"Hapana, Baba. Kiko wazi tangu saa moja."

Mwinjilisti aliuachia mkono wangu. Alipapasa juu ya godoro mpaka akaipata miwani yake, akaivaa, akafumbua macho, akawatazama mmoja baada ya mwingine, polepole, mpaka akamaliza kuwahesabu.